Sistimu mpya ya hospitali, tuipime vipi kabla hawajasaini?

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Mimi ni nesi hospitali moja ya kibinafsi huku Likoni. Wakubwa wataka kununua sistimu mpya ya kompyuta, kutoka rejista mpaka famasia, na mimi nimetiwa kwa kamati ya kuikagua. Jamaa wa kampuni walikuja na projekta, kila kitu kikaenda sawa, wenzangu wakasema nzuri, tujaze fomu ya maoni tumalize. Lakini hii tulonayo sasa pia tulionyeshwa hivo hivo, na leo watu waandika kwa daftari mchana, usiku ndo waingiza kwa kompyuta. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Una haki ya kuwa na wasiwasi, manake kwenye projekta anayebofya ni mtu anayeijua ile sistimu ndani nje, na nyinyi mwataka kujua kama nesi wa zamu ya usiku, foleni imefika getini na mtoto analia, ataiweza.

Waambieni kampuni wawaachie sistimu ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni. Msitie majina ya wagonjwa wenu kabisa, sheria ya kulinda data ya 2019 ipo. Kisha waiteni wanaofanya kazi wenyewe, nesi, daktari, mtu wa famasia, karani wa rejista. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, anasema watu watano watosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, ukirekebisha wajaribu tena. Ila manesi watano hawatakwambia shida za famasia, kila kitengo kiwe na watu wake.

Usimpe mtu maelekezo, mpe kazi. Mwambie Fatuma Ali amekuja kliniki ya presha, mtafute. Humo ndani wekeni Fatuma Ali wanne, wawili tarehe yao ya kuzaliwa iwe 01/01, manake unajua wazee wetu wengi ndivyo walivyoandikwa, na hapa Mombasa majina yanafanana mpaka basi. Kaa kando, nyamaza, mwambie aseme kwa sauti anachofikiria. Akimfungua Fatuma siye usimsahihishe, andika, na andika pia kama aligundua mwenyewe au aliendelea mpaka akampa dawa za mwenziwe. Mpe na mtoto wa kilo 12 anayetaka paracetamol ya maji, uangalie kama uzito unaonekana pale pale anapoandika dozi ama inabidi arudi skrini ya nyuma akariri namba kichwani.

Halafu abadilishe dawa aliyokwisha kuiandika. Hapa mkae sana. Mwaka 2005 Ross Koppel na wenzake walitoa utafiti wa hospitali moja Marekani, wakakuta sistimu ya kuandikia dawa inachangia aina 22 za hatari ya makosa, na mojawapo ni kwamba kuandika dozi mpya na kufuta ya zamani zilikuwa kazi mbili mbali mbali, kwa hivyo ya zamani ikasahaulika na mgonjwa akawa na zote mbili. Hilo fomu ya maoni haikwambii, lazima uone kwa macho.

Hesabuni pia maonyo yanayoruka kwenye skrini, manake yakizidi mtu hubofya "sawa" bila kusoma, na lile la mzio wa penisilini litapita na mengine.

Fomu nayo ije mwisho, mtu akishamaliza kazi. Tumieni SUS (System Usability Scale), fomu ya kupima urahisi wa kutumia sistimu, ya John Brooke ya 1986, ni sentensi 10 tu, na alama zake huenda 0 mpaka 100. Hizo si asilimia, wastani wa sistimu za kila aina ni kama 68. Madaktari wa Marekani walipoulizwa kuhusu sistimu zao, matokeo yalotoka 2020 yalikuwa 45.9, kwa hivyo sistimu kuuzwa kila mahali si dhamana ya kwamba inatumika kirahisi.

Mkishamaliza, andikeni makosa yote, yanayoweza kumdhuru mgonjwa yawe juu, rangi na maandishi madogo yaje baadaye, na mkawaambie wakubwa yale ya juu yaingie kwenye mkataba, yarekebishwe na yajaribiwe tena na watu wenu kabla malipo ya mwisho hayajatoka.