Kupanga Mwanza kwa laki na ishirini: ulizia maji kabla ya kodi

Mkuu, umesema unahamia Mwanza mwezi ujao na mke na mtoto, kazi iko karibu na hospitali ya Bugando, na unatafuta chumba, sebule na choo cha ndani kisichozidi laki na ishirini. Inawezekana. Nimepanga Igogo, nikapanga Mahina, sasa niko Buhongwa, kwa hiyo nakueleza niliyoyaishi.

Kutoka mjini zinatoka barabara kubwa tatu. Ya Kenyatta inapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani hadi Buhongwa. Ya Nyerere inapita Mabatini, Buzuruga na Nyakato hadi Igoma. Ya Makongoro inaelekea Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Kodi inashuka kadiri unavyotoka mjini, ila inashuka pia kadiri unavyopanda mlima, na hilo la pili dalali hakwambii sababu yake.

Sababu ni maji. Watu wanashangaa ziwa liko pale chini unaliona ukiwa mlangoni, halafu bomba limekauka. Maji yanavutwa ziwani Capri Point na Butimba, yanasukumwa hadi kwenye matanki ya vilimani, ndipo yanashuka mitaani kwa mgawo. Nyumba ikikaa juu sana, presha inaisha kabla hayajafika. Nilipokuwa Mahina mlimani, kubebewa dumu la lita 20 ilikuwa shilingi 300. Familia yenye mtoto haipungui madumu sita kwa siku, yaani 1,800. Bomba lisipotoa mwezi mzima, hiyo ni 54,000 juu ya kodi. Hapo chumba cha elfu sabini kimeshakuwa ghali kuliko cha laki kilichoko chini.

Ukienda kuangalia nyumba, usiridhike na kufunguliwa bomba. Tazama milango ya wapangaji: mapipa na madumu yakiwa yamepangwa kila mlango, jua wanakinga usiku. Muulize mama anayefua uani maji yalitoka lini mara ya mwisho; mwenye nyumba atakwambia "hapa maji siyo shida." Simtanki likiwepo, uliza ni la nani na wanachangia watu wangapi.

Umeme nao: uliza kama LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. LUKU ya pamoja na jirani mwenye friji la biashara inagombanisha watu kila wiki.

Kuhusu hela ya kuanzia, wengi wanataka kodi ya miezi sita, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Nyumba ya laki moja inakutaka na laki saba mkononi kabla hujapakia godoro. Wapo madalali waaminifu, lakini kuna mmoja alipokea hela za watu wawili kwa chumba kimoja nilipokuwa Igogo, na yule aliyechelewa kuhamia alilala kwa ndugu na vyombo vyake nje. Usitoe hata senti kabla ya kuonana na mwenye nyumba, na mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Njia iliyonifaa zaidi ni kufikia kwa ndugu au gesti, kisha kutembea kwa miguu mtaa kwa mtaa Jumamosi, nikiuliza mangi wa duka na balozi wa nyumba kumi. Buhongwa nilipata hivyo, bila dalali.

Kwa kazi ya Bugando, ningeanza Igogo na Mkuyuni, upande wa chini karibu na lami. Ukiwa Igogo unaweza hata kutembea hadi kazini. Pakishindikana, nenda Butimba. Nyegezi ni pazuri, ila wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanapandisha kodi chuo kikikaribia kufunguliwa. Buhongwa kuna nyumba mpya na nafasi, lakini piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Mabatini patakupendeza kwa ukaribu, ila kaa mbali na bonde la Mto Mirongo. Mvua kubwa zikinyesha maji yanaingia hadi ndani.

Mtoto ameshaanza shule au bado? Nijibu hilo, maana kama anasoma nitakushauri tofauti kati ya Igogo na Mkuyuni.