Moyo wangu ulinenepa, nikadhani nimesifiwa

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimepimwa presha nikakutwa na 160 kwa 100. Ila sisikii maumivu popote. Dawa za nini sasa?" Nilisoma ujumbe huo kwenye daladala nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka sita iliyopita, tena kwa kejeli.

Nilikuwa mtu wa mazoezi. Alfajiri nakimbia, jioni nanyanyua vyuma, na kijiweni hakuna aliyethubutu kushindana nami kwa pushapu. Walipokuja wauguzi kazini kutupima bure, nilikwenda kwa ajili ya fulana tu. Mashine ikasoma 170 kwa 105. Nikamwambia yule dada mashine yake mbovu. Akapima tena, mkono wa pili, akaniandikia barua ya kwenda hospitali. Barua ikalala kwenye droo miaka miwili.

Nilipoanza kuhema kwa ngazi za ghorofa moja, ndipo nikaenda. Wakanipiga eko, ile picha ya moyo. Daktari akasema, "Ukuta wa moyo wako upande wa kushoto umenenepa." Wallahi nilitabasamu. Nikajua vyuma vimelipa! Akaniangalia tu, akavuta karatasi akaanza kuchora.

Moyo ni kama ngumi yako kwa ukubwa, una vyumba vinne. Cha chini kulia kinasukuma damu hadi mapafuni, hapo jirani. Cha chini kushoto kinaisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Hata ukiwa umekaa, kwa dakika zinapita kama lita 5, kwa siku zaidi ya lita 7,000. Hayo ni madumu 350 ya lita 20. Presha ikipanda, mkokoteni wa madumu hayo unasukumwa mlimani usiku na mchana. Misuli inanenepa kweli, lakini inakakamaa, na chumba kinashindwa kulegea vizuri kupokea damu nyingine.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba moyo nao hupumzika. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kila pigo halifiki sekunde moja, na sehemu kubwa ya muda huo umelegea. Upande wa kushoto hupata damu yake hasa wakati huo, maana ukibana unaikamua mishipa yake yenyewe. Damu inayojaa vyumbani haiushibishi. Ni kama mpishi wa shughuli: anapakulia ukumbi mzima, sahani yake anaisubiri pembeni.

Ungedhani baada ya mchoro ule nilitulia. Wapi! Nilimeza dawa miezi mitatu, vipimo vikashuka, nikajitangazia nimepona. Ndugu mmoja akanipa unga wa mizizi, akasema vidonge vinamfanya mtu mtumwa. Ya wodini siwachoshi. Nilirudi nimekonda, na kijiweni wakanibatiza Mzee Presha. Liliniuma jina lile, sitaficha.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, na wewe unayesoma kimyakimya: presha haiumi. Wengi hawaisikii kabisa hadi imeshaharibu figo, ubongo au moyo wenyewe. Nenda ukapime tena, siku tofauti, umekaa na kutulia. Ukipewa dawa, meza. Vipimo vikishuka, ujue dawa inafanya kazi. Usiiache bila kuongea na daktari. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo iliyomo kwenye mkate na chipsi inahesabiwa. Mazoezi endelea nayo, mimi nakimbia hadi leo. Kosa langu lilikuwa kuyafanya cheti cha uzima. Halafu pima. Nimesema pima? Nasema tena.

Jana asubuhi nilisoma 126 kwa 80. Mashine yangu inakaa juu ya friji. Kijiweni bado wananiita Mzee Presha, ila wiki iliyopita wawili kati yao walipita nyumbani kuiazima, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaniomba nisimwambie mwenzake.