PSEO au AP? Kwa mama mwenye kijana wa darasa la kumi hapa Minnesota

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako, kwamba mshauri wa shule kakupa karatasi yenye PSEO, AP na CIS na kukuhimiza mchague upesi: zote tatu ni njia za mtoto kuanza kuchuma krediti za chuo, yaani vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kuelekea shahada, akiwa bado sekondari. Kwangu binti kapita PSEO na kaka yake kapita AP, kwa hiyo naandika niliyoyaona nyumbani.

AP ni somo la kiwango cha chuo linalofundishwa na mwalimu wa shule yenu. Mei mtoto anafanya mtihani wa College Board, shirika linaloendesha AP, anapewa alama kati ya 1 na 5, na matokeo yanatoka Julai. Krediti inategemea mtihani ule tu. Hata awe na A mwaka mzima, akiufanya na homa akaharibu, imekula kwake. Sisi wa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hatuhitaji kuelezwa hilo. CIS ni kozi za Chuo Kikuu cha Minnesota zinazofundishwa hapo hapo shuleni kwao, na krediti inatokana na kazi ya darasani. PSEO ndiyo mambo yote: darasa la 11 na la 12 mtoto anakwenda chuoni kwenyewe au anasoma mtandaoni, anachanganyika na watu wazima, na jimbo ndilo linalolipia karo na vitabu. (Mwambie asipige mistari kwenye vitabu hivyo. Ni mali ya chuo, vinarudishwa.) Wa darasa la 10 naye anaweza kuonja, lakini kwa kozi ya ufundi.

Sheria ya PSEO ni ya 1985, enzi za gavana Rudy Perpich. Huwa nacheka nikikumbuka kwamba mwaka huo huo ndio Kenya ilianza 8-4-4, mfumo uliokuja kufuta kidato cha tano na cha sita. Baba yangu alisoma kidato cha sita. Mimi nilimaliza cha nne miaka ya tisini, na wenzangu waliopata alama za chuo kikuu wakakaa nyumbani karibu miaka miwili wakingoja kuitwa, wengine wakiuza duka, wengine wakifundisha shule za kijijini bila kusomea ualimu. Mtu aliyetoka huko, akiambiwa mtoto wa miaka 16 anaweza kuingia chuo bila kulipa senti, lazima damu ichemke. Ndiyo maana wengi wetu tunataka mtoto aingie mzima mzima, amalize miaka miwili ya chuo siku anayopokea diploma ya sekondari.

Mimi nasema taratibu. Alama ya PSEO ni alama ya chuo, na haifutiki mtoto akitimiza miaka 18. Najua nusu ya jamii yetu hapa inawapeleka watoto unesi, basi tuchukulie unesi. Anatomia na fiziolojia ni kozi ambazo programu za unesi zinaangalia kwa macho mawili. Mtoto akizichukua akiwa na miaka 16 ili awahi, akaambulia C, ameweka C hiyo mbele ya watu atakaokwenda kuwaomba nafasi baadaye. Na akija kuomba msaada wa fedha wa serikali, kozi alizoangusha au kuziacha katikati zinaweza kuhesabiwa dhidi yake. Binti yangu tulimwanzisha na kozi mbili muhula wa kwanza, uandishi na saikolojia, masomo mengine akabaki nayo shuleni. Muhula uliofuata aliongeza mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mtoto akishaandikishwa chuoni, haki ya kumbukumbu zake za chuo inahamia kwake, hata kama ana miaka 16 na anakula kwako. Nilikwenda dirishani kuulizia maendeleo yake. Yule karani, kwa adabu zote, akaniambia binti ajaze fomu kwanza ya kuniruhusu. Nikageuka, binti amesimama nyuma yangu anajizuia kucheka. Akaijaza, lakini alichukua muda wake kuisoma, kila mstari! Hakuna mwalimu atakayekupigia simu kwamba kijana hajaleta kazi. Kila kitu kimo kwenye mpango wa kozi anaopewa wiki ya kwanza, na kazi zinapakiwa kwenye D2L, tovuti ya masomo ya chuo, mara nyingi mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Kama wako bado anaamshwa, anakumbushwa na kusukumwa, muache abaki shuleni na AP au CIS.

Krediti nazo zina wenyewe. Ukikamilisha zile krediti 40 za mtaala wa uhamisho wa Minnesota, yaani kozi za jumla za mwanzo wa shahada, vyuo vya umma vya jimbo hili vinazipokea kama furushi zima. Ukitoka nje ya jimbo, au ukienda chuo cha binafsi, kila mmoja ana sheria zake. Dartmouth, chuo cha binafsi cha New Hampshire, iliacha kutoa krediti za AP kabisa. Kijana wangu alipata 4 kwenye hesabu, akaenda chuo cha binafsi jimbo jingine, wakamruhusu kuruka kozi ya kwanza lakini krediti hawakumpa. Kwa hiyo orodhesha vyuo ambavyo wako anavitamani, kisha uwaulize wao. Mshauri wa shule anajua ya shuleni kwake, na wala asikushangaze akiitaja PSEO kwa sauti ya chini: mtoto akienda chuoni, sehemu ya fedha za jimbo inamfuata huko.

Shule inatakiwa iarifiwe kufikia Mei 30 kwa muhula wa vuli. Chuo nacho kina maombi yake na tarehe zake, na mara nyingi hufunga mapema zaidi, kwa hiyo anza na chuo. Kama usafiri ni shida, uliza shuleni fomu ya kurudishiwa gharama za safari kati ya shule na chuo. Ipo kwa familia zenye kipato cha chini, na wengi hawaijui.