Nilitoa mtaji wote madhabahuni, mbona mambo yamezidi kuwa magumu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjane nina watoto watatu, nina genge huku Mbagala. Kwenye mkesha tuliambiwa tutoe sadaka ya kujimaliza nikatoa laki na nusu ambayo ndo ilikuwa mtaji wote, wakasema mbingu zitafunguka kama Malaki 3:10 inavyosema. Saa hizi hata nyanya nakopeshwa sado moja moja, nimeenda kuuliza naambiwa imani yangu ndogo, nipande mbegu tena, yani nitoe sadaka nyingine. Je Mungu amenikasirikia?

JIBU: Marahaba binti yangu. Hajakukasirikia hata kidogo, na tafadhali usipande tena.

Hiyo Malaki isome taratibu. Inasema leteni zaka kamili ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Sasa hicho chakula kilikuwa cha nani? Nenda Kumbukumbu la Torati 14:28-29, pale zaka ya mwaka wa tatu inawekwa mjini ili Mlawi na mgeni na yatima na mjane waje wale washibe. Mjane binti yangu! Yani wewe na hao watoto mnatajwa kabisa kwamba ni wa kulishwa na lile ghala, alafu leo mtu anachukua andiko hilohilo anakutoa mtaji wa genge, kwakweli inaniuma sana.

Najua watakutajia mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, maana na yeye alitoa cha mwisho. Ni kweli alitoa, ila angalia alichoombwa, kamkate kadogo, na aliyeomba, nabii Eliya, alikuwa na njaa kweli maana ilikuwa ukame. Na alichopata ni nini? Hakuamka tajiri. Pipani mlikuwa na unga uleule kila siku wa kukanda mkate, na mafuta kwenye chupa, akala yeye na Eliya na nyumba yake siku nyingi mpaka mvua iliponyesha. Hivyo ndo Mungu alivyomlisha, unga wa leo na kesho tena unga, na mtumishi anakula mezani kwa mjane chakula kilekile.

Paulo naye alipochangisha Korintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida aliandika kwenye 2 Wakorintho 8:12 kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa asivyo navyo, na mstari unaofuata anasema wazi hataki wengine wapate nafuu huku Wakorintho wanaumia. Kwahiyo kutoa endelea, hata jero ukiwa nayo, Mungu anaipokea, ila mtaji unaolisha watoto uache ufanye kazi yake.

Kingine, usikae na hili peke yako. Matendo 6 wajane walipokuwa wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku watu walinung'unika, na mitume hawakusema hao hawana imani, waliwaambia waamini wachague watu saba wasimamie. Nenda na wewe kwa wazee wa kanisa, chukua mama mmoja unayemwamini akusindikize, waambie nilitoa kiasi hiki na sasa genge linakufa, naomba mnisaidie mtaji. Wasipokusikiliza tafuta ushirika mwingine ambao wajane wanatembelewa majumbani, na uniandikie tena nijue umefikia wapi.