Hesabu ya slabu ikikupa nondo chache, usishangilie

Wewe uliyeingia kwenye usanifu juzijuzi, slabu fupi zitakupa majibu matamu: mzigo unadai milimita 90 za mraba za nondo kwa kila mita, basi. Usiipeleke 90 kwenye mchoro kabla ya kuangalia kiwango cha chini cha nondo.

Wengi hudhani kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya nyufa za zege kusinyaa. Hiyo ni nusu ya habari. Kabla ya kupasuka, zege lenyewe linasaidia kubeba mvuto, yaani nguvu inayolivuta upande unaonyooshwa slabu inapopinda. Likipasuka, mvuto wote unahamia kwenye nondo kwa mpigo. Zikiwa chache mno zinakatika papo hapo, na slabu inashuka bila kutoa dalili.

Jaribu mwenyewe. Chukua unene wa milimita 150, kava (zege linalofunika nondo) 20, nondo za milimita 8. Kina cha nondo, d, kutoka uso wa juu hadi katikati ya nondo, ni 126. Zege la daraja la C25/30 lina nguvu ya mvuto, fctm, ya 2.6 N/mm², hivyo linapasuka kwenye momenti (nguvu ya kupinda) ya takriban 9.75 kNm kwa mita. Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege, inataka 0.26 × fctm ÷ fyk × b × d, ambapo fyk ni nguvu ya chuma na b ni upana wa milimita 1000. Kwa chuma cha 500 ni kama milimita 170 za mraba. Zidisha kwa 500 na mkono wa 0.9d (umbali kati ya nguvu ya nondo na ya zege) upate momenti ambayo nondo zinaweza kubeba: 9.66 kNm. Karibu sawasawa! Kumbe ile 0.26 haikuokotwa.

Ndiyo maana zege imara zaidi linadai nondo nyingi zaidi, jambo linalowachanganya wageni. Kwa C40/50 kiwango kinapanda hadi 229. Nondo za 8 kila 250, zenye 201, zilitosha mwanzo, sasa hazitoshi. Saiti wakibadilisha daraja la zege, rudia hesabu.

Usichanganye vitabu. BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza, inapima 0.13% ya unene wote kwa nondo za nguvu kubwa (hapa 195), Eurocode 2 inapima kwa d.

Halafu kuna nafasi kati ya nondo. Nondo za 12 kila 600 zinatoa 188, na karatasi ya hesabu itakubali bila kelele. Lakini Eurocode 2 hairuhusu nondo kuu za slabu ya kawaida kuachana zaidi ya mara tatu ya unene, wala kuvuka milimita 400.