Koma kabla ya "and": usimkate mtoto maksi

Mwalimu mwenzangu wa Tukuyu, umeuliza kama umkate maksi mwanafunzi anayeweka koma kabla ya "and" kwenye orodha, maana mkuu wako wa idara haitaki. Usimkate! Waingereza wengi huiacha, wachapishaji wa Oxford huiweka. Yote mawili ni sahihi. Na si kitu kidogo: mwaka 2017, jimboni Maine, Marekani, madereva wa maziwa walishinda rufaa ya malipo ya saa za ziada kwa sababu sheria ilikosa koma ya namna hiyohiyo kabla ya "or". Mimi hapa Iringa nadai jambo moja tu: aliyeandika "maize, beans, and potatoes" aya ya kwanza, asiiangushe koma hiyo aya ya tatu. Mkuu wa idara mfuate ofisini, mkubaliane kabla ya mtihani wa muhula.