Gereji ya Wasomaji: Kinga ya sili ya krenki kwenye BMW za silinda sita

SWALI: Nina BMW 335i ya 2008, injini N54. Fundi ananisisitiza nifunge kinga ya sili ya mbele ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), eti mkanda wa alternata unaweza kuingia ndani ya injini. Mkanda uko nje, injini imefungwa. Utaingiaje? Nahisi ananiuzia nisichokihitaji.

JIBU: Fundi wako hakudanganyi, ila ameanzia katikati. Tatizo linaanzia juu zaidi.

Kwenye N54, na vilevile injini nyingine za BMW za silinda sita, N52 na N55, nyumba ya filta ya oili imekaa mbele ya injini, juu ya alternata na mkanda. Gasketi yake ya mpira hukaushwa na joto mpaka ikawa ngumu kama plastiki, na oili inaanza kuchuruzika taratibu kuelekea chini. Mikanda ya kisasa ni ya mpira wa EPDM, ambao unastahimili joto vizuri lakini haupatani na oili. Mkanda huvimba, mbavu zake hulainika, unateleza, pembeni unaanza kutoa nyuzi. Siku ukiruka kwenye puli zake, sehemu yake huangukia nyuma ya puli ya krenki, kwenye upenyo mdogo kati ya puli na uso wa injini.

Ndani ya upenyo huo kuna habu ya krenki (kitovu kinachoshikilia puli) inayozunguka muda wote. Sili inayoikumbatia ni mdomo mwembamba wa mpira, uliobuniwa kuzuia oili isitoke. Hakuna aliyeutegemea uzuie kitu kisiingie. Nyuzi za mkanda hujisokota kwenye habu, hukunja ule mdomo na kuvutwa ndani. Vipande huangukia kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini), kisha hufyonzwa hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Chujio likiziba presha inashuka, na beringi za krenki hazina subira.

Kinga yenyewe ni bamba la chuma au alumini lenye tundu katikati. Linakaa mbele ya sili, halizunguki, na linaacha nafasi finyu tu kuizunguka habu. Mkanda ukikatika bado utapoteza chaji na wepesi wa usukani, lakini nyuzi hazina pa kupenya. Kwa gari lenye nguvu linaloendeshwa kwa kasi, ni kifaa cha maana. Lakini gasketi ya nyumba ya filta ikiwa inavuja, anza nayo, kisha mkanda mpya, kisha kinga. Ukifunga kinga na kuacha oili iendelee kuloweka mkanda, umeamua tu mahali mkanda utakapofia.

SWALI: Gasketi nimeshabadilisha, sasa nataka kufunga kinga mwenyewe. Nina jeki, stendi na spana za kutosha. Hatua ni zipi, na ni wapi watu huharibu?

JIBU: Tenga nusu siku kama ni mara yako ya kwanza. Andaa kiti (seti) ya kinga pamoja na boliti zake, mkanda mpya, dawa ya kusafishia breki, gundi ya nyuzi za boliti ya nguvu ya wastani (ile ya bluu), geji ya majani ya kupimia nafasi na spana ya toki. Vipimo vya kukazia vichukue kwenye kitabu cha injini yako na karatasi ya kiti, kwa sababu vinatofautiana.

Injini ikiwa imepoa, inua mbele, weka stendi, toa kava ya chini. Ondoa mabomba ya hewa yanayoziba, chomoa plagi ya feni na uitoe feni kwa juu. Nafasi kati ya redieta na injini ni ndogo, kwa hiyo weka kipande cha kadibodi ngumu mbele ya redieta kabla ya kuanza kupitisha spana.

Piga picha njia ya mkanda. Zungusha tensha (kikaza mkanda) mpaka mkanda ulegee, utoe. Kabla ya kuendelea, zungusha kwa mkono puli ya tensha na puli ya aidla (inayoongoza mkanda tu). Ikikwaruza au kuyumba, badilisha. Beringi ya puli iliyochoka inaweza kurusha hata mkanda mpya.

Sasa puli ya krenki, na hapa ndipo injini huuawa. Utaona boliti ndogo kadhaa zilizopangwa kwa mduara, na boliti moja kubwa katikati. Fungua zile ndogo tu. Ile kubwa ndiyo inayobana habu na gia ya cheni ya taiming (mpangilio wa valvu na pistoni) kwenye krenki kwa msuguano, bila ufunguo wa chuma wa kuzishikilia. Ukiilegeza bila zana za kufungia krenki na kemshafti (shafti zinazofungua valvu), taiming inaweza kuhama bila wewe kujua, na valvu zikakutana na pistoni mara ya kwanza unapowasha.

Krenki ikitaka kuzunguka unapofungua boliti ndogo, unaweza kuishikilia kwa soketi kwenye boliti kubwa, kwa sababu mkono wako unasukuma upande wa kukaza. Wakati wa kurudisha usifanye hivyo: kule kushikilia kunageuka kuwa kulegeza. Kwenye gari la manyuo weka gia ya juu, mwenzako akanyage breki. Kwenye otomatiki, kaza kidogo kidogo kwa kupokezana boliti zilizotazamana. Mgandamizo wa injini mara nyingi unatosha kushikilia.

Puli ikitoka, chunguza sili kwa tochi. Ikiwa kavu na safi, endelea. Ikiwa na unyevu wa oili, ibadilishwe kwanza, na kazi hiyo ni ya mwenye zana za taiming kwa sababu habu lazima itoke. Ukiona hata uzi mmoja umekaa kwenye mdomo wake, usiuvute ukaendelea na kazi. Soma jibu linalofuata.

Safisha uso wa injini mpaka kitambaa kitoke cheupe. Dawa inyunyizie kwenye kitambaa, si kwenye sili. Weka bamba na boliti zake bila gundi, zishike kwa vidole. Sogeza mpaka tundu liwe sawasawa kuizunguka habu, ukipima juu, chini, kushoto na kulia kwa geji. Nafasi ikiwa finyu upande mmoja, tafuta sababu: mara nyingi ni uchafu uliobaki chini ya bamba au boliti iliyokazwa kabla ya zenzake. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, upande wa saa tu ukiwa umesimama mbele ya injini. Sikiliza. Bamba linalogusa habu husaga chuma, na unga wa chuma kwenye mdomo wa sili utakuletea uvujaji ambao hukuwa nao.

Likipita, toa boliti moja baada ya nyingine, tia tone la gundi, rudisha na ukaze kwa kipimo. Pima nafasi tena, maana bamba huhama kidogo wakati wa kukaza. Rudisha puli, funga mkanda mpya, hakikisha kila ubavu umekaa kwenye mfereji wake kwenye kila puli. Kosa la mfereji mmoja halionekani kwa juu. Pitisha kidole ukingoni. Zungusha tena kwa mkono, washa kwa dakika chache, zima, angalia.

SWALI: Mkanda wa 135i yangu ulichanika barabarani. Fundi alitoa vipande, akafunga mpya na kinga juu. Injini inawaka vizuri. Nina haja ya kufanya zaidi?

JIBU: Ndiyo, na usiiendeshe kwanza. Kinga imefungwa baada ya tukio, kwa hiyo kama kuna kilichoingia bado kimo ndani. Injini kuwaka vizuri hakuthibitishi kitu. Nyuzi zinaweza kuelea kwenye sampu kwa muda kabla ya kufika kwenye chujio.

Kama vipande vya mkanda wa zamani vimehifadhiwa, vipange sakafuni kando ya mkanda mpya, urefu kwa urefu, ubavu kwa ubavu. Panapokosekana kipande, chukulia kimeingia. Toa puli na kinga uikague sili. Ikiwa imekunjika au ina uzi, sampu lazima ishuke: chujio la pampu lisafishwe, nyuzi zitolewe kwa koleo ndogo na si kwa upepo wa kompresa, unaozisukuma mbali zaidi. Gasketi ya sampu iwe mpya, sili mpya, filta mpya, na oili mpya ambayo kwa N54 na N55 ni lita 6.5. Filta ya zamani ikate uifungue karatasi yake. Ukikuta nyuzi nyeusi humo, zilishapita kwenye pampu, na hapo pampu nayo ikaguliwe.

Kushusha sampu si kazi nyepesi. Injini inashikiliwa kwa juu na fremu ya mbele inateremshwa; kwenye matoleo ya xDrive (yanayoendeshwa na magurudumu yote manne) kuna difu ya mbele pia. Gharama inauma, lakini ilinganishe na ya injini nzima.

Na kwa wote: taa ya betri ikiwaka ghafla na usukani ukawa mzito kwa pamoja, zima injini palepale ilipo salama kusimama. Pampu ya maji ya N54 ni ya umeme, kwa hiyo geji ya joto haitakuonya mapema. Kila mzunguko wa ziada unavuta uzi mwingine.

SWALI: Nina M4 yenye S55. Kinga hii itazuia lile tatizo la habu ya krenki kuzunguka?

JIBU: Hapana. Hilo ni la habu kuteleza kwenye krenki na kuhamisha taiming. Dawa yake ni habu iliyofungwa kwa pini au ya muundo mwingine. Kinga ya sili inashughulika na mkanda tu.

SWALI: Yangu ni N52. Kiti niliyopata ina boliti za chuma. Nizitumie?

JIBU: Angalia kwanza zinaingia wapi. Bloku ya N52 ina magnesi (metali nyepesi, magnesiamu) kwa nje, na boliti za kiwandani zinazoingia humo ni za alumini. Chuma kikikaa ndani ya magnesi pamoja na unyevu, magnesi huliwa na nyuzi za tundu zinabomoka. Tafuta kiti yenye boliti za alumini kwa ajili ya N52. Za alumini ulizozifungua nazo usizirudishe. Zinavutika zikikazwa na hutumika mara moja tu.